Hilux ya dizeli imebadilishwa injini na haiwaki: mwongozo kamili wa kutafuta kosa ukiwa nyumbani

Wiki haipiti bila mtu kuniandikia maneno yaleyale: "Nimeshusha injini ya zamani, nimepandisha nyingine, kila kitu kimefungwa, stata inazunguka, lakini haiwaki." Wengi wakati wananiandikia wameshaanza kufungua pampu, au wameshashauriwa wairudishe injini kwa muuzaji. Naumia nikisikia hivyo, maana injini nyingi za namna hiyo ni nzima. Kosa liko kwenye kitu kilichoguswa siku ya kubadilisha: waya, mpira wa dizeli, washa (pete bapa za kuzuia uvujaji), alama ya mkanda wa taimingi.

Mwongozo huu ni wa pikapu za Hilux za dizeli za miaka ya 1980 na 1990 zenye injini za familia ya L: 2L (cc 2,446), 3L (cc 2,779) na 5L (cc 2,986). Hizi hazihitaji kompyuta. Zikizungushwa kwa kasi ya kutosha, zikapata dizeli isiyo na upepo, joto na kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), na vyote vikaja kwa wakati wake, lazima ziwake. Kama yako ni 2L-TE, ambayo pampu yake inaongozwa na kompyuta, hatua ya 4 na ya 7 zisikuongoze. Mpelekee fundi wa umeme.

Fuata hatua kwa mpangilio huu huu. Ukiruka, utarekebisha kitu kisicho kibovu na kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Malitimita ya kawaida
- Betri ya volti 12 iliyojaa, na waya za kubusti
- Spana za kawaida, zaidi 12, 14, 17 na 19 (namba 17 ndiyo ya nati za paipu za nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini)
- Rachi na soketi ya kuzungushia krenki kwa mkono
- Mita moja ya mpira mwangavu unaopitisha dizeli, na klipu zake
- Dumu safi la lita 5 lenye dizeli mpya
- Washa mpya za shaba
- Geji ya kompresheni ya dizeli (ya petroli haifai, inaishia chini mno)
- Stendi za jeki, vizuizi vya matairi, kizimamoto, tochi
- Ubao bapa wa kuziba mdomo wa hewa wa injini
- Daftari na simu ya kupigia picha

Ubao huo usiuache ndani. Injini ya dizeli ikishika kasi yenyewe na kukataa kuzimwa, dawa yake ni kuinyima hewa. Ziba kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake au na cheni ya kunyanyulia injini. Na usiweke mkono mbele ya paipu ya nozeli inayovuja wakati injini inazunguka: dizeli inatoka kwa shinikizo la zaidi ya bar 100 na inapenya ngozi. Ikikuingia, kidonda kitaonekana kidogo kama cha sindano, lakini nenda hospitali saa hiyohiyo.

## Hatua ya 1: Ilinganishe injini na ile uliyoshusha

Kama injini bado iko chini, una bahati. Ziweke mbili sambamba, uziangalie kama mtu anayekagua mapacha.

Piga picha namba iliyogongwa kwenye bloku. Utaihitaji mwishoni, na injini ikishakaa ndani ya gari namba hiyo inasumbua kuonekana.

Angalia sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Injini nyingi za L zinazouzwa mtumba zimetoka kwenye Hiace, na sampu ya Hiace haikai kwenye Hilux, hasa ya 4x4 ambayo difu ya mbele iko papo hapo chini. Ukihamisha sampu, hamisha na streina yake ya kufyonzea oili. Sampu ya gari moja na streina ya gari jingine zinaweza kuacha mdomo wa streina ukining'inia juu ya oili, na hapo pampu inavuta hewa. Injini itawaka, itasikika tamu, kisha itanoki, yaani itaharibika kwa kukosa oili.

Angalia tundu la katikati ya krenki upande wa flaiweli. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki haina beringi ndogo ya kushikilia shafti ya gia boksi. Kama gari lako ni la gia za mkono, piga beringi mpya hapo.

Badilisha taimingi belti na tenshena (kikaza belti) sasa hivi, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mpya. Belti hizi zimepangiwa km 100,000, na ikikatika valvu zinagonga pistoni.

Umefaulu ikiwa: mabano ya maunti, sampu, streina, flaiweli na beringi ya krenki vyote ni vya kufaa Hilux yako, na namba ya injini iko kwenye simu.

## Hatua ya 2: Umeme wa stata na arthi

Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa haraka. Stata ikizunguka kivivu, hewa inapoa kabla haijafika joto la kuwashia, na wewe utalaumu pampu bure.

Pima betri ikiwa imetulia: volti 12.6 au karibu yake. Mtu apige stata huku unapima: isishuke chini ya 9.6.

Sasa kipimo ambacho karibu kila mtu anakiruka. Weka waya mmoja wa malitimita kwenye nguzo hasi ya betri, wa pili kwenye chuma kisafi cha bloku, si kwenye rangi. Piga stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, arthi yako ni mbovu au imesahaulika.

Arthi ndiyo kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Ule waya mpana unaotoka kwenye injini kwenda chasisi hufunguliwa wa kwanza, ukasukumwa pembeni, na hakuna anayeukumbuka siku ya kufunga. Lilinipata kwenye Hilux ya mjomba wangu. Tulipiga stata mara tatu, ikawa inajikokota, kisha nikasikia harufu ya plastiki. Kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedeli kwenda kwenye pampu, ganda lake lilikuwa linayeyuka na kutoa moshi mwembamba, kwa sababu umeme wote wa stata ulikuwa unarudi kwa kupitia humo. Tulifunga arthi, tukabadilisha kebo, na injini ikawaka jioni ileile. Tulikuwa tumeshapoteza siku mbili kwenye dizeli.

Kwangua rangi na kutu mahali pa kufungia, funga kwa nguvu, kisha pima tena.

Umefaulu ikiwa: stata inazunguka kwa kasi moja bila kusuasua, na upotevu wa arthi uko chini ya volti 0.5.

## Hatua ya 3: Oili kwanza, dizeli baadaye

Injini iliyokaa ghalani miezi mingi ni kavu ndani. Usiiwashe mara moja.

Jaza oili hadi alama ya juu ya dipstiki. Jaza na filta ya oili kabla ya kuifunga. Chomoa waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli (nitaieleza hapo chini) ili isiwake. Fungua swichi, uhakikishe taa ya oili kwenye dashibodi inawaka. Hili ni la muhimu sana: taa isiyowaka kabisa kwa sababu waya wake haujachomekwa inafanana na taa iliyozima kwa sababu oili imepanda. Watu wameua injini kwa kuchanganya hizo mbili.

Piga stata sekunde 10, ipumzishe dakika moja, rudia. Taa izime ndani ya mara tatu au nne. Isipozima, simama hapo. Angalia filta, sensa, na ile streina ya hatua ya 1.

Umefaulu ikiwa: taa iliwaka ulipofungua swichi, ikazima stata ikiwa inazunguka.

## Hatua ya 4: Solenoidi ya kuruhusu dizeli

Nyuma ya pampu, karibu na zinapotokea paipu nne za nozeli, kuna kidude cha duara chenye waya mmoja. Ndicho kinachozuia dizeli ukizima swichi. Kisipopata umeme, utapiga stata hadi betri ife.

Rudisha waya wake. Sogeza sikio karibu, mtu afungue swichi bila kupiga stata. Lazima usikie "tak" moja kavu. Usiposikia, pima waya: lazima uwe na volti 12 swichi ikiwa wazi, na ziendelee kuwepo wakati stata inazunguka. Kuna gari linatoa umeme swichi ikifunguliwa na kuukata ukipiga stata, kwa sababu waya ulichomekwa kwenye laini isiyo yake.

Kwa majaribio tu, leta waya kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye solenoidi. Ikitoa "tak", solenoidi ni nzima na kosa liko kwenye nyaya za gari. Uchomoe waya huo ukimaliza, la sivyo swichi haitazima injini.

## Hatua ya 5: Dizeli na upepo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo nakuomba uvumilivu.

Pampu ya injini hizi inavuta dizeli yenyewe kutoka kwenye tangi. Kwa hiyo penye tundu dogo, dizeli haivuji nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Utaangalia chini ya gari, utaona pakavu, utasema hakuna tatizo. Pakavu si ushahidi.

Tenganisha tangi na pampu. Funga dumu lako la dizeli juu kidogo ya usawa wa pampu, mahali salama mbali na vitu vya moto. Toa mpira wa tangi kwenye filta, weka mpira mwangavu kutoka kwenye dumu. Mpira wa marejeo nao uelekeze kwenye dumu. Ikiwaka kwa dumu na haiwaki kwa tangi, umeshajua: kosa liko kati ya tangi na filta. Injini na pampu ziache.

Pampia kwa mkono. Juu ya filta kuna kitufe cha pampu ya mkono. Kibonyeze. Mwanzoni ni laini, kisha kinakuwa kigumu chini ya kiganja. Kisipokuwa kigumu hata baada ya mibonyezo 60 au 70, mpira wa ndani wa hiyo pampu umechoka, au kuna klipu iliyolegea.

Tazama mpira mwangavu. Mwanzo utaona povu, hiyo ni kawaida. Baadaye dizeli inatakiwa iwe kama chai ya rangi iliyotulia, bila punje hata moja inayosafiri. Ukiona viputo vidogo vinaendelea kupita mmoja mmoja, hewa bado inaingia. Hamisha mpira mwangavu: kabla ya filta, kisha baada ya filta. Viputo vikionekana baada ya filta tu, filta au kichwa chake ndicho chenye kosa.

Angalia bolti mbili za pampu. Bolti yenye tundu inayopokea dizeli na ile inayorudisha zinafanana sana, lakini ya kurudisha imeandikwa OUT na ndani yake ina kijitundu chembamba. Kijitundu hicho ndicho kinachoshikilia shinikizo la ndani ya pampu. Zikibadilishana nafasi, dizeli inabanwa mlangoni na shinikizo la ndani linapotea: injini inakataa kuwaka, au inawaka na kufa baada ya muda mfupi. Nimeletewa pampu iliyosemwa "imekufa" ambayo dawa yake ilikuwa kubadilishana bolti mbili na kuweka washa mpya za shaba.

Toa upepo kwenye nozeli. Legeza nati nne za paipu pale zinapofungwa kwenye nozeli, nusu mzunguko kila moja. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini, piga stata sekunde 10. Utaona povu, kisha matone, kisha dizeli inatoka kwa mipigo. Kaza nati moja baada ya nyingine. Mara nyingi injini inaanza kukohoa ukiwa kwenye ya tatu.

Kama paipu zilitolewa na kukunjwa kwa nguvu, hakikisha mpangilio. Mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Onyo: usipulizie dawa ya kuwashia injini, wala usimwagie petroli kwenye mdomo wa hewa. Mvuke huo unakutana na hita plagi (plagi za kupasha joto, hatua ya 6) zilizo moto na kulipuka kabla ya wakati wake. Ringi na pistoni huvunjika hivyo.

Umefaulu ikiwa: dizeli kwenye mpira mwangavu haina kiputo, kitufe kigumu, na nozeli zote nne zinapata mipigo.

## Hatua ya 6: Hita plagi

Asubuhi ya Mbeya au Limuru hutaikwepa hatua hii. Tanga mchana huenda injini nzima ikawaka bila hizo plagi kabisa.

Chomoa bati linaloziunganisha, pima kila plagi kwa ohmu kati ya ncha yake na bloku. Nzima inasoma chini ya ohmu chache. Isiyosoma kitu imekatika.

Kisha soma volti zilizoandikwa kwenye mwili wa plagi. Injini za L zilitoka na mifumo tofauti: kuna plagi za volti 6 zinazotaka relei na rezista za mfumo wake, na kuna za volti 12. Injini yako mpya ikija na plagi za 6 na gari lako linapeleka 12 moja kwa moja, zitawaka vizuri siku mbili tatu kisha zote zitakatika. Nunua plagi zinazolingana na nyaya za gari lako, si zinazolingana na injini ilikotoka.

## Hatua ya 7: Taiming

Fika hapa tu kama dizeli inafika kwenye nozeli na bado haiwaki, au inawaka kwa moshi mweupe na mgongano.

Fungua kifuniko cha belti. Zungusha krenki kwa rachi, kulia ukiwa umesimama mbele ya gari, hadi alama ya puli ya krenki ikutane na ya bloku na puli ya kemu iwe kwenye alama yake. Puli ya pampu nayo lazima iwe kwenye yake. Jino moja tu likiruka linatosha kukutesa.

Ukishapanga, zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono na uangalie alama zote tena. Ikigoma katikati, usilazimishe. Kugoma huko ni valvu kukutana na pistoni.

Pampu ikiwa ilitolewa, kuna mistari miwili midogo, mmoja kwenye pampu na mmoja kwenye kasha la belti. Inatakiwa itazamane. Kurekebisha zaidi ya hapo kunataka geji ya saa ya kupimia plenja, na kazi hiyo mwachie fundi wa pampu.

## Hatua ya 8: Kompresheni

Toa hita plagi zote, chomoa waya wa solenoidi, funga geji kwenye tundu la plagi, piga stata. Rudia kwa kila silinda.

Injini nzuri inasoma karibu psi 455. Kiwango cha chini kabisa ni psi 284. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 71. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya hedi. Zote zikiwa chini kwa usawa, rudi hatua ya 7 kwanza, kisha ndipo ufikirie ringi.

Hapa pekee ndipo una haki ya kumrudia muuzaji, na uende na namba ulizoandika kwenye daftari.

## Hatua ya 9: Imewaka. Usiondoke bado

Iache izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta, usiipigie resi. Dakika za kwanza angalia mambo haya.

Moshi. Mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli ni dizeli isiyoungua: hita plagi, upepo au taiming iliyochelewa. Mweupe usiokoma, wenye unyevu kama wa birika, huku rejeta ikipungua maji, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi: filta ya hewa imeziba au dizeli imezidi. Wa bluu ni oili. Kidogo baada ya injini kulala muda mrefu unaweza kuisha wenyewe.

Maji. Jaza rejeta polepole kifuniko kikiwa wazi, subiri themostati ifunguke na mpira wa juu upate moto, ongeza maji. Viputo vikiendelea kutoka injini ikiwa tayari imepata moto, gasketi ya hedi inapitisha. Hedi za injini hizi, za 2L zaidi, zinajulikana kwa kupasuka zikichemshwa. Mshale wa joto ukipanda, zima papo hapo.

Breki. Hili linaweza kukuokoa maisha. Kwenye injini hizi, nyuma ya altaneta kuna pampu ya vakyumu inayolisha busta ya breki. Ukisahau kurudisha mpira wake, pedeli itakuwa ngumu kama jiwe na gari halitasimama unavyotarajia. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano hadi pedeli iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedeli lazima izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, gari lisitoke uani. Kagua pia mipira ya oili ya pampu hiyo. Ikivuja inaweza kumaliza oili njiani.

## Hatua ya 10: Klachi na barabara

Gia zikiingia injini ikiwa imezimwa lakini zikikwaruza ikiwa inawaka, klachi haiachii. Toa upepo kwenye mafuta ya klachi kwanza. Ikibaki hivyo, huenda sahani ya klachi ilifungwa kinyume, au gia boksi ilivutwa kwa bolti badala ya kuingia yenyewe kwa mkono hadi mwisho. Gia boksi iliyovutwa kwa bolti hupinda sahani au kuvunja beringi ndogo, na hapo hakuna njia ila kuishusha tena.

Safari ya kwanza iwe ya mtaani, kilomita chache, kisha rudi uangalie uvujaji, joto na bolti za maunti. Kaza tena baada ya wiki moja. Mwaga oili na ubadilishe filta baada ya km 500. Ile ya kwanza hubeba uchafu wote uliolala ndani.

Kisha shughulikia karatasi. Namba ya injini iko kwenye usajili wa gari, kwa hiyo mabadiliko yake yanaripotiwa: Tanzania ni TRA, Kenya ni NTSA. Nenda na risiti ya muuzaji na ile picha uliyopiga kwenye hatua ya 1.